Niendelee au niache? Mwongozo wa kuamua pale dawa za homa ya ini C zinapokulemea

Swali hili hunifikia kwa sura nyingi. "Nimebakiza wiki tano na siwezi tena, niache?" "Mume wangu hali, halali, anagombana na kila mtu, tumwachishe?" "Nimesahau vidonge siku nne, si imeshaharibika?" Nimekuwa nikijibu vipande vipande, mmoja mmoja, na mara nyingi jibu linafika wakati mtu ameshaacha. Ndiyo maana nimeliandika lote hapa kwa utaratibu.

Nilipita humo mwenyewe. Nilichomwa sindano za interferoni kila wiki na kumeza ribavirini kwa wiki 24. Wiki hiyo ya 24 virusi vilikuwa bado vinaonekana kwenye damu, daktari akanisimamisha. Miaka ilipita, vidonge vipya vikaja, nikavimeza wiki 12 nikapona. Kwa hiyo nimeonja kuacha na nimeonja kumaliza. Sina cheti cha udaktari, na maneno haya hayakupi ruhusa ya kuacha wala hayakulazimishi kuendelea. Kazi yake ni kukufikisha mbele ya daktari ukiwa na taarifa kamili na akili iliyotulia.

Kabla hujasoma zaidi

Kama una mojawapo ya haya, funga ukurasa huu uende hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku:

- unatapika damu, au choo ni cheusi kama lami
- macho au ngozi imegeuka njano
- tumbo linajaa maji, au umeanza kuchanganyikiwa na kusinzia kusiko kwa kawaida
- kifua kinauma, pumzi inakata, umezimia, au moyo unapiga polepole mno
- una homa kali isiyoshuka
- unawaza kujidhuru au kujiua

Swali la kuendelea au kuacha litajibiwa huko huko, na watu wenye vipimo mkononi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kusanya vitu hivi mezani. Bila hivyo utakuwa unaamua kwa hisia tu.

- Maboksi yenyewe ya dawa, yenye majina na miligramu. Humu nimeandika majina kwa matamshi yetu. Kwenye boksi mengi huandikwa bila ile "i" ya mwisho.
- Tarehe uliyoanza na jumla ya wiki ulizopangiwa.
- Vipimo vya kabla ya kuanza: wingi wa virusi, ALT (kimeng'enya kinachopanda ini likiumia), bilirubini (rangi ya njano inayojaa kwenye damu ini likishindwa kuiondoa), himoglobini (wekundu wa damu unaobeba hewa), chembe za kugandisha damu, figo, na kipimo cha homa ya ini B.
- Daraja la makovu ya ini. Hupangwa kuanzia F0, yaani hakuna kovu, hadi F4, yaani sirosisi.
- Vipimo vya hivi karibuni, vyenye tarehe.
- Orodha ya kila kitu kingine unachomeza: dawa za kiungulia, za moyo, za kifafa, za kifua kikuu, na mitishamba. Usifiche mitishamba. Nitaeleza kwa nini.
- Daftari na kalamu.
- Mtu mmoja anayekuona kila siku. Wewe mwenyewe hutaona jinsi ulivyobadilika.

Hatua ya 1: Jua uko kwenye tiba ya zama gani

Hadithi nyingi za kutisha unazosimuliwa ni za interferoni. Tiba ile ilichukua wiki 24 au 48, na kwa wenye kirusi cha aina ya 1 takriban nusu tu ndio waliopona, wakati mwingine pungufu. Mwaka 2011 ziliongezwa telapreviri na bosepreviri, uponyaji ukapanda na mateso yakapanda nayo. Mwishoni mwa 2013 ikaja sofosbuviri, kisha michanganyiko ya vidonge vitupu: sofosbuviri na ledipasviri mwaka 2014, sofosbuviri na velpatasviri mwaka 2016, glekapreviri na pibrentasviri mwaka 2017. Siku hizi wengi humeza dawa wiki 8 au 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona.

Hili linabadilisha hesabu yote. Aliye kwenye interferoni ana sababu nzito ya kumuuliza daktari, "Kwa nini sihamishiwi kwenye vidonge?" Aliye kwenye vidonge vipya bila ribavirini na bado anaumwa sana, ana sababu ya kushuku kitu kingine. Vidonge hivyo kwa kawaida huleta kichwa kuuma, uchovu, kichefuchefu na usingizi kukatika. Vikikuangusha kitandani, usikubali haraka kwamba "ndivyo dawa zilivyo".

Hatua ya 2: Andika siku saba

Kila jioni andika: saa uliyomeza dawa, tatizo lililokusumbua zaidi, ukali wake kuanzia 0 hadi 10, na jambo moja ulilotaka kufanya ukashindwa. Hili la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Daktari hawezi kupima "nimechoka", lakini anaielewa "nilikaa chini mara mbili nikipanda ngazi za ghorofa moja".

Mwombe yule mtu wako naye aandike lake pembeni, bila kukuonyesha. Mwisho wa wiki linganisheni. Mimi niliandika "hasira kidogo". Dada yangu aliandika kwamba siku nne kati ya saba nilimfokea mtoto. Daftari lake ndilo daktari alilolisoma kwa makini.

Siku saba ni kwa maudhi yanayovumilika. Himoglobini kama imeshaonekana kushuka, au dalili inapanda kila siku, ruka hatua hii uende kupima.

*Onyo:* usiamue usiku, usiamue siku inayofuata sindano, usiamue siku uliyogombana na mtu. Dawa hizi, hasa interferoni na ribavirini, hugusa akili yenyewe inayotakiwa kuamua.

Hatua ya 3: Mtafute mhusika

Kliniki nyingi hutenganisha maudhi na madhara, na mgawanyo huo ufuate na wewe. Maudhi yanachosha lakini hayaharibu mwili: kichwa kuuma, kichefuchefu, ngozi kukauka. Madhara yanaharibu: damu kupungua sana, ini kuvimba upya, huzuni inayokuelekeza kwenye kifo. Maudhi hutulizwa. Madhara huweza kuwa sababu ya kusimamisha.

Sasa uliza kila dalili imetoka wapi.

*Ribavirini* huvunja chembe nyekundu za damu. Kuishiwa pumzi, moyo kwenda mbio, kizunguzungu ukisimama: hapo mshuku huyu kwanza. Pia huleta kikohozi kikavu, kuwashwa, kukosa usingizi na hasira. Upungufu huu wa damu haukutokana na kukosa madini ya chuma, kwa hiyo usianze kumeza vidonge vya chuma bila kuambiwa. Ini lenye ugonjwa halihitaji mzigo wa chuma zaidi.

*Interferoni* huleta homa na maumivu ya mwili baada ya sindano, hushusha chembe nyeupe, huvuruga tezi ya shingoni, na huleta huzuni nzito. Huzuni hiyo ni kazi ya dawa kwenye ubongo. Waliokuwa imara maisha yao yote wameangushwa nayo, kwa hiyo usijilaumu na usiifiche.

*Dawa zinazogongana.* Hapa ndipo orodha yako inapofanya kazi. Amiodaroni ya moyo ikichanganywa na sofosbuviri inaweza kushusha mapigo ya moyo hadi hatari. Rifampisini ya kifua kikuu, karbamazepini na fenitoini za kifafa, na mmea uitwao St John's wort unaouzwa kama dawa ya huzuni, hupunguza dawa ya ini kwenye damu hadi ikashindwa kufanya kazi. Baadhi ya dawa za kolesteroli huumiza misuli zikikutana na dawa zenye "previr" kwenye jina. Dawa za kiungulia hupunguza ufyonzwaji wa velpatasviri na ledipasviri. Mtu anaweza kuwa anateseka, tena bila faida, kwa sababu ya kidonge cha kiungulia ambacho hakuona haja ya kukitaja.

*Ini lenyewe.* Kwenye sirosisi, uchovu, kuvimba miguu na kuchanganyikiwa vinaweza kuwa ni ugonjwa unaosonga mbele, dawa ikasingiziwa.

*Homa ya ini B.* Aliye na virusi vyote viwili, C ikiondoka B inaweza kuamka. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo lake kali kuliko yote liwekwe kwenye vidonge hivi kwa sababu hiyo. Kama hukupimwa B kabla ya kuanza, omba upimwe wiki hii.

Hatua ya 4: Pima, kisha linganisha na mipaka

Usiamue bila damu mpya. Omba himoglobini na hesabu kamili ya damu, ALT, bilirubini, figo, na wingi wa virusi kama daktari ataona unafaa. Mwenye sirosisi aongeze kipimo cha kuganda kwa damu.

Hii ndiyo mipaka ambayo madaktari huitumia. Nakupa ili uelewe mazungumzo, usiitumie kujisimamisha nyumbani.

*Himoglobini, kwa anayemeza ribavirini.* Ikishuka chini ya gramu 10 kwa desilita, kwa kawaida dozi ya ribavirini hupunguzwa. Ikishuka chini ya 8.5, ribavirini husimamishwa. Mwenye ugonjwa wa moyo ana mipaka mikali zaidi: kushuka kwa gramu 2 ndani ya wiki 4 kunatosha kupunguza dozi hata kama namba yenyewe bado inaonekana nzuri. Ndiyo maana daktari lazima ajue habari za moyo wako.

*ALT, kwa anayemeza vidonge vipya.* Ikipanda mara 10 au zaidi, dawa husimamishwa. Ikipanda chini ya hapo lakini ikaja na udhaifu, kutapika, macho ya njano, au bilirubini kupanda, nayo ni sababu ya kusimamisha. Kupanda kidogo bila dalili hufuatiliwa tu.

*Hali ya ini.* Dawa zenye "previr" hazifai kwa ini lililokwisha kulemewa, yaani lenye maji tumboni, manjano, kutokwa damu, au kuchanganyikiwa. Ukiwa nazo na dalili hizo zikajitokeza katikati ya safari, hiyo ni dharura.

*Wingi wa virusi.* Kwa interferoni na ribavirini pekee, sheria ilikuwa hivi: kama wiki ya 12 virusi havijapungua angalau mara 100, au wiki ya 24 bado vinaonekana, simama, kwa sababu nafasi ya kupona ni ndogo mno kulipia mateso. Sheria hiyo ndiyo iliyonisimamisha. Nililia siku hiyo kana kwamba nimefeli mtihani. Leo naiona kama huruma: wiki 24 nyingine zingenichakaza bila kuniponya, na nisingekuwa na nguvu za kungoja vidonge.

*Onyo:* usihamishie sheria ya zamani kwenye dawa mpya. Virusi vichache kuonekana wiki ya 4 ya vidonge vipya si sababu ya kuacha. Wengi wa watu hao hupona.

Hatua ya 5: Pima uzito wa pande zote

Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika gharama ya kuendelea, kulia gharama ya kuacha. Kisha jibu maswali manne.

*Nimebakiza muda gani?* Wiki mbili kati ya 12 na wiki 38 kati ya 48 hazilingani, hata kama uchungu wa leo ni ule ule. Usijumlishe mateso uliyokwisha kuyapita. Hayo hayarudi, uendelee au uache.

*Ini langu liko wapi?* Mwenye F0 au F1 mara nyingi ana muda wa kupumzika, kutengeneza afya na kujaribu tena kwa dawa nyepesi. Mwenye F4 hana anasa hiyo. Kila mwaka unaopita na virusi unaongeza hatari ya ini kushindwa na ya saratani ya ini. Kwake yeye, kumeza kwa tabu chini ya uangalizi wa karibu mara nyingi kuna faida kuliko kungoja.

*Nikiacha, kuna njia nyingine?* Swali hili ndilo linalosahaulika zaidi. Kama tiba nyingine inapatikana baadaye, kuacha ni kuahirisha. Kama haipatikani, mzani unabadilika. Kumbuka pia kwamba kukatiza dawa ovyo kunaweza kuacha virusi sugu, na tiba ya pili ikahitaji dawa nyingine au muda mrefu zaidi. Mchanganyiko wa sofosbuviri, velpatasviri na voksilapreviri ulitengenezwa hasa kwa walioshindwa na vidonge vya kwanza, kwa hiyo kushindwa mara moja hakufungi mlango. Ila ni dawa yenye "previr" ndani yake, na ini lililolemewa haliwezi kuitumia.

*Kuna kitu kinachokataza kabisa?* Mimba na ribavirini havikai pamoja. Hudhuru mtoto tumboni, na hili linamhusu hata mwanamume anayeimeza ikiwa mwenzi wake anaweza kushika mimba. Ukigundua ujauzito, piga simu kliniki siku hiyo hiyo kabla ya dozi inayofuata.

Acha nikupe mifano miwili. Mtu wa kwanza ana F4, amebakiza wiki 3 kati ya 12 za sofosbuviri, velpatasviri na ribavirini. Himoglobini ni 9.4, anachoka sana, ALT imeshuka vizuri. Kwake neno la kusema ni "tupunguze ribavirini na tumalize". Sofosbuviri na velpatasviri zinabaki kama zilivyo. Mtu wa pili ana F1, yuko wiki ya 10 kati ya 48 za interferoni, na wiki mbili sasa anaamka akitamani asingeamka. Sijali virusi vyake vimeshuka kiasi gani. Huyu aonwe leo, na kwa ini la F1 sababu ya kusimamisha na kungoja vidonge ni kubwa kuliko sababu ya kuvumilia.

Kuna kundi la tatu ambalo linahitaji upole. Mwenye ini lililolemewa anayengoja kupandikizwa jingine anaweza kushauriwa angoje, atibiwe virusi baada ya upasuaji. Na mwenye ugonjwa mwingine mzito ambao umebakiza miezi tu, mara nyingi dawa hizi hazimwongezei chochote. Familia, msimsukume. Mwulizeni anataka siku zake ziweje, kisha mnyamaze amalize kusema.

Hatua ya 6: Nenda kwa daktari na maswali, usiende na hukumu

Ukiingia na "nimeamua kuacha", mazungumzo yatakuwa ya kukubembeleza au kukufokea. Ingia na daftari na uulize:

1. Kati ya dawa zangu, ipi inaleta hili, na inaweza kupunguzwa?
2. Maudhi yenyewe yanaweza kutibiwa bila kugusa dawa?
3. Nikiacha leo, nafasi yangu ya kupona ni ipi, na tiba ya pili itakuwa ipi?
4. Nikiendelea, ni namba gani ikitokea tutasimama?
5. Nani nimpigie mambo yakiharibika usiku?

Swali la nne lina nguvu ya pekee. Ukijua mpaka uko wapi, kuvumilia kunakuwa na mwisho unaoonekana.

Zipo njia nyingi kati ya kuendelea na kuacha. Ribavirini hupunguzwa. Dozi yake ya pili huweza kusogezwa mchana badala ya usiku ili upate usingizi, na humezwa pamoja na chakula. Sindano ya interferoni huchomwa jioni ya kuamkia siku ya mapumziko. Huzuni hutibiwa kwa dawa na ushauri nasaha. Kichefuchefu kina dawa zake. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kiasi kidogo ni salama kuliko dawa za jamii ya ibuprofeni. Mwenye sirosisi kwa kawaida huambiwa asizidi gramu 2 kwa siku, na ibuprofeni aiache kabisa.

*Onyo:* vidonge vipya havipunguzwi. Usikate kidonge, usimeze siku moja na kuruka siku ya pili "ili mwili upumzike". Ndiyo njia ya haraka zaidi ya kutengeneza virusi sugu.

Hatua ya 7: Uamuzi uwe na tarehe

Usiseme "nitajitahidi". Sema "naendelea hadi Jumatatu ya wiki ijayo, Ijumaa napima damu, Jumatatu tunaangalia tena". Andika, mpe nakala yule mtu wako. Wiki moja inabebeka. Wiki kumi na mbili kwa mkupuo hazibebeki kichwani, hata kwa mtu mwenye moyo.

Hatua ya 8: Ukiacha, acha kwa utaratibu

- Kliniki ijue siku ile ile. Kuacha kimya kimya ndiko kunakoumiza watu, maana hakuna anayefuatilia tena.
- Usibakize dawa moja ya kupambana na virusi ukidhani nusu ni bora kuliko hakuna. Ribavirini inaweza kutolewa peke yake kwa maelekezo. Kinyume chake hapana. Ribavirini pekee haiponyi homa ya ini C.
- Panga kipimo cha wingi wa virusi wiki 12 baada ya dozi ya mwisho. Wapo walioacha mapema wakakuta wamepona. Bila kupima hutajua.
- Endelea kuzuia mimba kama ulimeza ribavirini, angalau miezi 6 baada ya dozi ya mwisho. Kwa wanawake maelekezo mengine hutaka miezi 9.
- Huzuni ya interferoni inaweza kukaa miezi baada ya sindano ya mwisho. Usikatize matibabu yake siku unayoacha sindano.
- Pombe, hapana.
- Mwenye sirosisi afanye altrasaundi ya ini kila miezi 6, awe ameacha, amemaliza, au amepona.

Mambo yanapokwenda kombo

*Nimesahau dozi ya leo.* Kwa sofosbuviri na velpatasviri, au glekapreviri na pibrentasviri: kama hazijapita saa 18 tangu muda wako wa kawaida, meza sasa. Zikipita, ruka, meza inayofuata kwa wakati wake. Usimeze dozi mbili kwa pamoja.

*Nimetapika baada ya kumeza.* Muda hutofautiana kwa kila dawa. Kwa sofosbuviri na velpatasviri, ukitapika ndani ya saa 3 meza nyingine. Kwa nyingine, piga simu kwa mfamasia. Na mjulishe kwamba umetumia kidonge cha ziada, usije ukapungukiwa mwishoni.

*Nimekosa siku kadhaa.* Haijaharibika, na usiache kwa aibu. Kwa vidonge vipya, zikiwa siku 7 au pungufu, rudi kwenye dawa leo na umalize kama ulivyopangiwa. Zikiwa 8 au zaidi, piga simu leo. Kama bado uko ndani ya siku 28 za mwanzo, kwa kawaida utaambiwa uanze tena mara moja, upimwe, na huenda ukaongezewa wiki 4. Baada ya siku 28, kukosa siku 8 hadi 20 mfululizo kunahitaji kuanza tena na kupimwa haraka, na matokeo ndiyo yataamua kama unamaliza au unabadilishiwa tiba. Siku 21 au zaidi, kwa kawaida tiba husimamishwa na unapimwa baadaye kuona kama umepona. Kila anayeniandikia kuhusu siku alizokosa anaomba radhi kwanza. Usiombe radhi. Sema ni siku ngapi, basi.

*Virusi havionekani tayari wiki ya 4, kwa nini nijitese hadi mwisho?* Kutoonekana kunamaanisha viko chini ya uwezo wa kipimo kuviona. Kupona hutangazwa pale ambapo bado havionekani wiki 12 baada ya kumaliza. Huyu ndiye ninayemsihi zaidi asiache bila kuongea na daktari wake.

*Dawa zangu zitaisha kabla ya kliniki.* Piga simu ukiwa na akiba ya siku 7, usingoje siku 1. Usizigawe ili zifike.

*Familia inataka niache, daktari anataka niendelee.* Nendeni wote kliniki siku moja. Maneno yanayopita kupitia kwako hufika yamechoka kama wewe.

*Daktari hanisikilizi.* Mpe daftari la siku saba asome mbele yako. Ikishindikana, omba muuguzi au mfamasia wa kliniki ya ini, au daktari wa pili. Endelea na dawa wakati unatafuta, isipokuwa una dalili zile za mwanzo wa ukurasa.

*Nimemaliza, nimepima mahali pengine nikaambiwa bado nina homa ya ini C.* Uliza wamepima nini. Kipimo cha haraka huangalia kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini hata baada ya kupona, kwa wengi maisha yote. Kinachoonyesha virusi vyenyewe ni kipimo cha RNA, yaani vinasaba vya virusi. Kama RNA haionekani, umepona, na karatasi hiyo itunze vizuri, kwa sababu huenda ukaulizwa tena siku utakapofanyiwa upasuaji. Kama RNA imeonekana, rudi kwa daktari wako wa ini: huenda virusi vimerudi, au umeambukizwa upya, maana kupona hakukupi kinga. Vyote viwili vinatibika.